Zawadi Zilizoachwa Sakafuni

Kwa miezi saba mimi na dada yangu tuliongea kwa midomo ya watoto wa miaka mitano. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya chekechea ninayofundisha, na kati ya mlango wa jiko lake na mlango wa darasa langu kuna hatua ishirini na mbili za uwanja. Hatua hizo hatukuzivuka, si yeye wala mimi. Tuliwatuma watoto.

"Mwalimu, Mama Mpishi anasema vikombe viwili havijarudi."

"Mwambie Mama Mpishi vimerudi. Ahesabu tena."

Mtoto alitoka mbio, akarudi anahema. "Nimemwambia. Amesema sawa. Halafu amekuangalia dirishani."

"Ameniangalia vipi?"

"Kwa macho."

Nikiri mapema: mdomo wangu hauna breki, na kalamu yangu ni mbaya kuliko mdomo. Mapema mwaka ule mtoto mmoja wa darasa langu aliungua ulimi kwa uji. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Jamani huko jikoni, hawa ni watoto, si mabomba ya chuma!" Wiki mbili baadaye uji ukaanza kuchelewa. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Uji ni saa nne kamili, na baada ya uji ndipo nina somo la dini, na mtoto mwenye njaa hamsikilizi hata malaika akishuka. Nilivumilia siku tatu, jambo ambalo kwangu ni muujiza. Siku ya nne niliingia ofisini, nikafungua daftari la matukio, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Uji umechelewa dakika ishirini. Mara ya nne wiki hii. Mpishi aulizwe."

Mkuu wa shule yetu ni mama anayeamini kwamba kilichoandikwa lazima kisomwe kwa sauti. Alikisoma kikaoni, mbele ya wafanyakazi wote. Dada alikuwa amesimama karibu na mlango na aproni yake, mwiko bado mkononi. Hakujitetea hata kidogo. Aliniangalia mimi, wala si mkuu, akasema, "Ungeniambia mimi." Kisha akarudi jikoni, na kuanzia siku hiyo akanipa kisogo.

Na mimi je? Nilikaza shingo. Nilichoandika kilikuwa kweli, na saa ya ukutani ilikuwa shahidi wangu. Niombe radhi kwa kusema kweli? Hoja hiyo niliitembeza kichwani kila asubuhi nikipita mbele ya jiko, na kila asubuhi nilishinda kesi. Ajabu ni kwamba sikuwahi kufurahia ushindi huo.

Maana lazima niseme huyu dada ni nani. Yeye ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na kati yetu kuna miaka kumi na moja. Ndiye aliyenibeba mgongoni siku yangu ya kwanza ya chekechea, nikilia njia nzima na kumpaka makamasi shingoni. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, kusali kabla ya kula, na kutomjibu mkubwa. Hilo la mwisho halikuniingia.

Darasa langu lina watoto ishirini na sita, mikeka minne, meza fupi ambazo mtu mzima akikalia anaonekana ameadhibiwa, na kopo la kalamu za rangi ambalo nyekundu haimo kamwe. Watoto wote nimewapa majina ya moyoni. Yupo Kifungo, ambaye shati lake halijawahi kufungwa sawasawa tangu ashonewe. Yupo Profesa, anayetaka kujua Nuhu aliwaweka wapi samaki. Na yupo Hakimu, binti mdogo wa mashavu makubwa, ambaye kesi zote za kalamu na nafasi za kukaa humwangukia yeye. Husikiliza pande zote mbili, mikono nyuma, halafu hutoa hukumu, na sijaona aliyekata rufaa.

Ni Hakimu aliyeniletea habari, mwezi mmoja kabla ya shule kufungwa.

"Mwalimu, Mama Mpishi anahama. Tukifunga shule tu, anapanda basi saa nane mchana. Anaenda kwa mtoto wake. Kuna mapacha. Atakaa hukohuko."

"Amekutuma uniambie?"

Hakimu alifikiri. Hasemi kitu kabla ya kufikiri. "Hapana. Alikuwa anasema tu, lakini alikuwa anaangalia huku."

Iliniuma, sina haja ya kuzunguka. Mpwa wangu alikuwa amembembeleza mama yake miaka miwili aende akaishi naye, na kila mara dada alijibu jambo moja: siwezi kumwacha mdogo wangu peke yake. Sasa ameweza. Mimi ndiye niliyemrahisishia. Nilijiambia nitakwenda kesho kuzungumza naye. Kesho ikaja, nikaona bora kesho nyingine.

Wakati huohuo mkuu akaniita ofisini. Siku ya kufunga alitaka ibada ya shukrani: wazazi kwenye mabenchi, meza yenye kitambaa cheupe, na kila mtoto akipita mbele kuweka zawadi aliyoitengeneza kwa mikono yake, kumshukuru Mungu kwa mwaka. "Iwe ya heshima," alisema. "Ya utaratibu. Dakika arobaini." Mkuu hupenda utaratibu kama watoto wanavyopenda matope.

Nikatazama mtaala wa dini. Mada iliyobaki ilikuwa kusameheana, na ndani yake kuna yale mafundisho ya Yesu kuhusu zawadi: ukimletea Mungu zawadi, na palepale ukakumbuka kuna mtu ana neno na wewe, usiendelee. Iache zawadi yako hapo, nenda mkapatane kwanza, ndipo urudi uitoe. Zawadi kwenye somo, zawadi kwenye ibada. Nikaona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Sikuona kwamba jiwe hilohilo lilikuwa linarudi kwangu.

Somo la dini la chekechea si mahubiri. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano neno "upatanisho" atakuuliza kama linaliwa. Unampa kitu ashike, mahali asimame, na jambo la kufanya kwa mikono. Kwa hiyo nikaweka meza, nikatandika khanga yangu juu yake, nikawapa maboksi matupu ya viberiti yawe zawadi. Mtoto anatembea taratibu na zawadi yake. Akifika mezani anasimama ghafla, anajipiga kofi la paji la uso, anasema, "Lo! Nimekumbuka!" Anaweka zawadi sakafuni. Anamwendea mwenzake, anasema, "Nilikukosea, nisamehe." Mwenzake anasema, "Nimekusamehe." Wanakumbatiana. Anarudi, anaokota zawadi, anaiweka mezani.

Walilipenda kofi la paji la uso kupita kiasi. Siku ya pili kila paji lilikuwa jekundu. Siku ya tatu nilimkamata Kifungo akimfinya Profesa kwa makusudi kabisa, bila hasira, kama mtu anayefanya kazi yake.

"Kwa nini unamfinya mwenzako?"

"Zamu yangu inakuja, Mwalimu, na sijamkosea mtu."

"Kama hujamkosea mtu, unapita tu. Unaweka zawadi."

Alinitazama kwa huruma. "Sasa hapo raha iko wapi?"

Nikawaeleza upya, polepole. Hatukosei ili tuombe msamaha. Tunakumbuka makosa ambayo tayari yapo. Kila mtu anayo, wala hayatafutwi kwa tochi. Walisikiliza kwa makini, na ndipo Hakimu akainua mkono.

"Mwalimu, wewe umemkosea nani?"

Darasa zima likanigeukia. Kupitia dirishani nilimwona dada akianika vitambaa vya kufutia vikombe, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa viganja kama alivyokuwa akinyoosha sare zangu zamani.

"Watu wazima wana mambo yao," nikasema. "Chukueni kalamu za rangi."

Hakimu hakuchukua kalamu. Aliweka mikono nyuma, akanitazama kwa muda, na nilijua faili langu limefunguliwa.

Siku ya kufunga ikafika. Wazazi walijaa mapema, wamepiga pasi mpaka soksi. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe na chupa yenye maua. Watoto walipanga mstari, kila mmoja na kadi yake: jua, nyumba, ng'ombe mwenye miguu sita, na kitu kimoja cha kahawia ambacho mchoraji alisema ni Mungu akiwa amelala. Kupitia mlango nililiona jiko. Mlango wake ni wa vipande viwili, cha juu kilikuwa wazi, cha chini kimefungwa kwa komeo, na pembeni yake kwenye kivuli palikuwa na sanduku la nguo limefungwa kamba. Nikaangalia pembeni.

Mkuu alifungua kwa sala, akahutubia kidogo, maana kwake kidogo ni robo saa. Wimbo ukaimbwa. Mtoto wa kwanza akapita, akaweka kadi. Wa pili akapita. Mkuu akanitupia jicho la kuridhika. Wa tatu alikuwa Kifungo.

Alifika mezani, akasimama. Nikaona mkono unapanda. Nikajaribu kumkonyeza, wapi! Kofi lilisikika mpaka benchi la nyuma.

"Lo! Nimekumbuka!"

Akaweka kadi sakafuni, akatoka nje ya mlango, akaelekea getini kwa mlinzi. Wote tulimsikia, maana ana sauti ya mchuuzi. "Mlinzi, kofia yako haikuibiwa. Mimi ndiye niliitupa kwenye tangi la maji. Nisamehe."

Kisha sauti nzito ya mlinzi: "Ndiyo maana maji yalikuwa yananuka! Haya, nimekusamehe. Njoo."

Wazazi wakaangua kicheko. Na hapo mstari wangu ukavunjika. Watoto walikuwa wamefanya nilichowafundisha: walikuwa wamekumbuka makosa ambayo tayari yapo, na yalikuwa mengi ajabu. Kofi, lo, kadi chini. Kofi, lo, kadi chini. Mmoja alimwambia mama yake kwamba miwani ya bibi iko ndani ya godoro. Mwingine alimwomba msamaha mdogo wake wa miezi minne kwa kumwita kiazi. Profesa alikwenda moja kwa moja hadi kwa mkuu wa shule, akavuta sketi yake.

"Nilisema ukicheka uso wako utapasuka. Nisamehe."

Mkuu akacheka, na uso wake haukupasuka. Alimsamehe, akamkumbatia, halafu akanisogelea huku akijifuta macho. "Mwalimu," akaninong'oneza, "hili lipo kwenye ratiba?"

"Lipo kwenye mtaala, Mkuu."

Kadi zilikuwa zimetapakaa sakafuni, na mmoja mmoja watoto wakaanza kurudi kuokota za kwao na kuziweka mezani. Nilikuwa najisikia mwalimu bora wa dini duniani. Kilichobaki ilikuwa kadi kubwa ya darasa zima, yenye alama za viganja ishirini na sita vya rangi na kimoja changu katikati. Hakimu na mimi tulipaswa kuipeleka pamoja, yeye ameshika upande huu, mimi ule.

Tulitembea vizuri. Hatua mbili kabla ya meza, kadi ikakaza. Hakimu alikuwa amesimama.

"Twende," nikamwambia chini chini.

"Hatuwezi kuiweka, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Wewe bado."

Hakunong'ona. Hakimu hajui kunong'ona. Mabenchi yote yalisikia, na uso wangu ukapata moto. Hasira ilinipanda, nisidanganye. Nilitaka kumwambia akae, asiwe na adabu mbovu, hapa si mahali pake. Lakini mikono yake haikuwa nyuma. Ilikuwa imeshika kadi kwa nguvu, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Mtoto alikuwa anaogopa, na bado alisema.

"Mama Mpishi anatupozea uji," akasema. "Anamimina kikombe hiki, anarudisha kikombe hiki, mpaka kisiunguze. Vyote. Anaanza na vyetu sisi wadogo. Ndiyo maana unachelewa. Wewe ulisema ni wa moto sana. Halafu ukamsemea kwa Mkuu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alituambia tusiseme. Alisema ukijua utalia."

Watoto ishirini na sita. Vikombe ishirini na sita, kimoja kimoja, kila asubuhi, mkono juu, mkono chini. Nilimpigia kelele kwamba uji ni wa moto, akanitii. Nilimtii nani mimi? Saa ya ukutani. Kwa miezi saba nilikuwa nashinda kesi ambayo mwenzangu angeimaliza kwa sentensi moja, naye akaimeza sentensi hiyo ili mimi nisiumie. Hatua ishirini na mbili tu, na sikuwahi kuzipiga nikaenda kuangalia.

Nikaweka kadi sakafuni. Kofi la paji la uso sikupiga, mkono haukuinuka. Nilitoka mlangoni nikavuka uwanja, na nyuma yangu nilisikia viatu vidogo vikija, vyote, maana hakuna aliyekuwa tayari kuikosa hiyo.

Dada alikuwa anaosha vikombe vya mwisho. Alishavaa viatu vya safari, vile vyeusi anavyovitunza kwa ajili ya harusi na misiba. Alinyanyua macho akaniona mimi, akaona na msafara wangu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mlangoni mwa darasa. Hakuna hata moja lililobaki.

"Dada. Nilikukosea. Nisamehe."

Alifuta mikono kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole. "Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

Nikageuka nikamwangalia Hakimu. "Nimetumwa," nikasema.

Dada alicheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mwanzo wa mwaka, na yale aliyowaambia watoto yalikuwa kweli: nililia. Nililia kama siku ile ya kwanza ya chekechea, na makamasi juu.

"Wewe mtoto," dada akasema, na yeye macho yamejaa. "Ungeingia tu hapa jikoni ukaniuliza. Ningekupa na kikombe ukanisaidia."

"Mwambie umemsamehe!" Kifungo akapiga kelele. Kwake utaratibu ni utaratibu.

"Nimemsamehe. Nilimsamehe zamani, nilikuwa nasubiri aje achukue."

"Sasa kumbatianeni!"

Komeo la mlango wa chini lilikuwa limekwama, na hakuna aliyekuwa na subira ya kulihangaikia. Tulikumbatiana juu ya mlango, ubao umenichoma tumboni, mikono yake ina sabuni mgongoni mwangu. Watoto walipiga makofi. Nilimwomba asiende. Nilimwomba palepale, bila aibu, mbele ya wazazi waliokuwa wametufuata na kujaa uwanjani.

"Naenda, mdogo wangu," akasema. "Wale mapacha wawili wanammaliza mama yao. Lakini sasa naenda vizuri."

Hakimu alinivuta gauni. Tulirudi darasani, dada yuko kati yetu na aproni yake, tukaokota kadi sakafuni, tukaiweka mezani watatu. Mkuu alisema amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Saa saba na nusu nilimbebea dada sanduku hadi kituoni, na tulibishana njia nzima nani kati yetu ndiye mwenye kichwa kigumu zaidi. Alishinda. Nilimwachia.

Sasa huwa anapiga simu kila jioni, na tunaongea kwa midomo yetu wenyewe, mapacha wakilia nyuma yake. Mpishi mpya ni kijana hodari, lakini ana mikono miwili tu, na darasa la mwaka huu lina watoto thelathini na mmoja. Kwa hiyo kila siku karibu saa nne navuka uwanja, nachukua vikombe viwili, na kuanza kumimina: hiki kwenda hiki, hiki kurudi hiki, mpaka nikigusa kwa mdomo kisiunguze. Nikimaliza naenda ofisini kabla ya somo, nafungua daftari la matukio, naandika kwa mwandiko wangu mzuri, na mkuu husoma nilichoandika kwa sauti kila kikao:

"Somo la dini limechelewa dakika ishirini. Mwalimu alikuwa anapoza uji."